Jinsi nilivyopunguza ulaji wa petroli kwenye vilima vya Pemba

Gari yangu ilikuwa ikibugia petroli baina ya Chake Chake na Wete, njia ya vilima na kona. Nilijaza upepo matairi kwa kipimo cha kibandiko cha mlango wa dereva, asubuhi yakiwa baridi. Keria tupu nikaishusha.

Lakini dawa hasa ilikuwa miteremkoni. Wengi huku huweka nyutro wakiamini wanaokoa mafuta. Sivyo, na ni hatari! Injini za kisasa, ukiteremka ndani ya gia bila kukanyaga mafuta, hukata petroli kabisa. Kwenye nyutro inaendelea kuungua ili injini isizimike. Na kila lita inayoungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa. Mlimani nakanyaga taratibu. Sasa natia mafuta mara chache zaidi.