Nilivyopunguza uzito wa boneti na madigadi

Gari langu lilikuwa zito upande wa mbele, nami nilitaka kulipunguzia uzito bila kugusa injini. Zikabaki boneti na madigadi. Kila niliyemuuliza alinitajia uzito wa malighafi yenyewe: mita moja ya ujazo ya chuma ina kilo 7,850, alumini 2,700, faibaglasi ya mkeka (nyuzi za kioo zilizotandazwa ovyo na kushikwa kwa resini) kama 1,500, nyuzi za kaboni zilizoshikwa kwa epoksi, yaani gundi inayokauka ikawa ngumu, kama 1,550. Kwa hesabu hiyo faibaglasi inaiacha alumini mbali sana. Ila boneti ni bapa, na bapa lazima lisibonyee ukiliegemea wala kutikiswa na upepo.

Kwa hiyo nikalinganisha ukakamavu. Unene wa bapa ukiwa maradufu, ukakamavu wake dhidi ya kupinda huwa mara 8. Chuma ni kikakamavu mara 3 hivi kuliko alumini, basi badala ya bati la chuma la milimita 0.8 inatosha alumini ya kama 1.15. Kwa mita moja ya mraba, chuma kilikuja kilo 6.3 na alumini 3.1. Faibaglasi hupinda kirahisi, ikadai karibu milimita 2.4, na uzito ukapanda hadi kilo 3.6. Wepesi wake wote umemezwa na unene! Kaboni ilikaribia kilo 2 tu, na inavutia kweli, lakini ikigongwa hupasuka badala ya kubonyea. Isitoshe, ikigusana na alumini penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa na kutu.

Boneti nikaifanya ya alumini, kwa kuwa mikunjo yake ni michache. Fremu ya ndani ilifuata ile ya awali pamoja na sehemu zake za kujikunja, maana boneti isiyojikunja kwenye ajali inaweza kusukumwa kuelekea kioo cha mbele. Madigadi yalikuwa na mbinuko mwingi, nikayatengeneza kwa faibaglasi. Kalibu ya umbo lile ni rahisi kuliko kulipiga bati nyundo. Milango sikuigusa. Ile inabeba nondo za kumkinga abiria akigongwa ubavuni, na sioni wepesi unaostahili kubadilishana na hizo.

Kwenye bawaba za chuma niliweka washa (pete bapa) za plastiki na kupaka praima pande zote mbili, alumini isigusane na chuma. Boneti nyepesi pia hudundadunda ikienda kasi, hivyo niliongeza pini mbili za kuifungia mbele.