Wakosa Kuachwa

Juma zima nimelala na kuamka na maneno manne ya somo yangu wa Kibokoni. "Maji haukosi," alisema, na hapo akanyamaza kwa muda wa kutosha kumega kipande cha halua na kukitia kinywani, kisha, akiwa bado anatafuna, akamalizia, "Wakosa kuachwa." Hakupandisha sauti wala hakunikunjia uso. Mazungumzo yaliendelea, kahawa ikazungushwa mara ya pili, na nadhani mimi pekee ndiye niliyebaki pale pale, nimeshika kikombe ambacho sikumbuki kukinywa.

Mnaozijua Jumamosi zetu mnajua kwamba baada ya alasiri kila mmoja huja kwa zamu na mmea wake unaomsumbua. Safari hii zamu ilikuwa yangu, na mgonjwa alikuwa mwasmini, ule ule wa Bi Mkubwa, mama yangu. Niliupakata ndani ya tuktuk kutoka Tudor, ndoo yake nimeikumbatia kwa mikono miwili, nikimwomba dereva ayapande matuta taratibu. Majani yake machanga yalikuwa yamegeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, hata ukiliinua jani moja kwenye mwanga ungedhani limechorwa kwa kalamu nyembamba. Na majani makubwa ya chini yalikuwa na kingo za kahawia zilizokauka, zikivunjika kwa kuguswa tu. Tangu Ramadhani haukutoa hata kifungu kimoja cha maua cha kutosha kutunga.

Tulikuwa wanne juu ya mkeka, chini ya mdimu wa somo yangu. Mwalimu wa Bamburi alikuwa akisimulia jinsi mjukuu wake alivyong'oa miche sita ya bilingani kwa nia njema kabisa, kwa kuwa alimwona bibi yake akipalilia naye akataka kumsaidia. Dada yetu mwenye kitalu cha miche Nyali alikuwa na malalamiko yake ya kawaida juu ya mbuzi wa jirani. Na kabla ya hapo sote tulikuwa tumeinama kumtazama paka wa pale nyumbani, aliyekiona chungu cha mrehani kuwa ndiyo mahali pa kuzalia. Watoto wanne walikuwa wamejibanza juu ya udongo, mrehani wenyewe umelala ubavu, na kila paka mama alipogeuka harufu ya rihani ilipanda mpaka tulipokuwa tumekaa. Ilikuwa alasiri nzuri. Nasema hivyo kwa sababu sitaki mtu adhani kwamba nilikwenda pale nikitafuta la kuniuma.

Kilichonizuia kuyapokea maneno yale kama ushauri wa bustani ni simu yangu. Nilikuwa nimetoka kumpigia mwanangu wa Eldoret kwa mara ya tatu siku hiyo, hakupokea, nami nikaiweka simu juu ya mkeka, uso juu, karibu kabisa na sahani ya halua. Somo yangu aliiona. Aliitazama simu, akautazama mti, akasema alilosema.

Sasa tazameni shida iliyopo. Kwa Kiswahili chetu cha hapa Mombasa, mti wakosa, na wewe wakosa, na watoto wakosa. Neno ni hilo hilo moja. Lile la kwanza, haukosi, ni la mti bila ya shaka yoyote, maana mimi ningeambiwa hukosi na watoto wangeambiwa hawakosi. Lakini kati ya la kwanza na la pili palipita kile kipande cha halua, na mtu aweza kuanza kunena mti, akameza, akamaliza kwa kunena mtu. Nimeyarudia maneno hayo kwa sauti yake nikiwa jikoni, nimeyarudia foleni ya feri nilipokwenda Likoni, na usiku wa Jumapili niliyarudia mpaka yakaacha kuwa na maana. Nilikumbuka pia kwamba wakosa, likisimama peke yake, ni kusema umekosea.

Jumanne walikuja watu wa posa kwa kaka yangu wakajibiwa vizuri, na Jumatano nikakabidhiwa ile barua ya kupandishwa cheo niliyoingojea tangu mwaka jana. Nikaisoma, nikaikunja, na niliporudi mezani kwangu jambo la kwanza nililowaza ni kama somo yangu alikuwa ameitazama simu kwanza au mti kwanza.

Mtaniuliza kwa nini nisimpigie nikamwuliza. Somo yangu ni mtu wa miaka thelathini katika maisha yangu, tumeitwa jina moja darasani tukaketi dawati moja, na kwa muda wote huo hatukuwahi kuulizana, "Ulikusudia nini?" Kuuliza kungekuwa ni kumwambia kwamba nimeumia, na kama alikusudia mti tu, basi ningekuwa nimemtwika bure mzigo wa kuniumiza.

Alhamisi jioni niliamua kuanza na mti, kwa kuwa mti hauna haya. Niliulaza ubavu juu ya gazeti, nikaigonga ndoo, udongo ukatoka wote kwa pamoja kama mkate wa sinia. Ulikuwa na harufu ya mtaro. Mizizi ya chini, ambayo ilipasa kuwa myeupe na migumu, ilikuwa ya kahawia na laini, na nilipouvuta mmoja ganda lake lilivuka likabaki vidoleni mwangu, nao uzi wa ndani ukabaki udongoni. Kwenye ukingo wa ndoo palikuwa na utando mweupe. Niliulamba kwa ncha ya ulimi, ukawa chumvi. Na chini kabisa nilizikuta zile kokoto za matumbawe nilizoziweka kwa mikono yangu mwenyewe, nikidhani zitapitisha maji.

Yote yakaeleweka, na nayaandika hapa kwa sababu najua wapo wengine wa Kisauni na Likoni wenye miti ya manjano. Maji ya bomba yanapokuja kwetu mara moja kwa juma, mimi hununua ya kisima kwa wauza maji wa mkokoteni, mitungi ya lita 20, na visima vingi vya kisiwani vina chumvi. Mti ukinyweshwa maji hayo kila siku, maji hupaa na chumvi hubaki, ikazila kingo za majani. Matumbawe nayo ni chokaa, na udongo wenye chokaa nyingi huyafunga madini ya chuma yasiweze kuchukuliwa na mizizi, hata kama yamo tele. Hapo ndipo jani changa linapokuwa manjano na mishipa kubaki kijani. Juu ya hayo, udongo usiokauka kamwe huinyima mizizi hewa, na mzizi usiopumua hauwezi kufanya kazi yoyote. Nami, kila nilipoona jani limegeuka rangi, niliongeza kata moja ya maji. Nilikuwa nikiunywesha asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi. Ndizo saa zile zile ninazompigia mwanangu.

Nilikaa chini sakafuni na ule mti mapajani. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa kwa somo yangu tena. Ilikuwa juu ya lile neno kuachwa, kwa kuwa naliona si la haki. Siku ile Mwalimu alikuwa amelidakia, akatoa mfano wa machimbo ya saruji ya Bamburi, ambako René Haller alianza kupanda miti mwaka 1971 juu ya mwamba mtupu wa matumbawe. Kati ya aina 26 zilizojaribiwa ni tatu tu zilizoishi, na mmojawapo ni mvinje, ambao leo ndio ule msitu tunaowapeleka watoto kutembea. "Nani aliubembeleza mvinje?" aliuliza Mwalimu. Lakini kisa hicho hicho, Mwalimu, kina upande wa pili nawe waujua kuliko mimi. Majani ya mvinje yalianguka yakalala juu ya mwamba bila kuoza, na udongo haukuja mpaka walipoletwa majongoo, wale wenye miguu myekundu, wakayatafuna yakawa mboji. Mtu alikwenda akainama, akaona majani hayaozi, akawatafuta majongoo. Huko si kuacha. Hilo ndilo nililotaka kulisema juu ya mkeka na sikulisema, na nimelibeba tangu siku hiyo.

Jana, baada ya sala ya Ijumaa, nilikwenda kwa Bi Mkubwa. Nilimchukulia mahamri na zile dawa zake za presha, na sikuwa na nia ya kumweleza chochote, lakini yeye hunisoma nikiwa bado mlangoni navua viatu. Nikamweleza yote: mti, halua, simu. Alisikiliza amefumba macho, kisha akaniuliza swali moja tu, "Na ulipokuwa Unguja, mimi nilikuja mara ngapi?"

Hakuja hata mara moja. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilikaa Unguja miaka miwili kwa shangazi nikisoma, na kwa miaka yote hii nimeamini kwamba mama yangu hakunikosa sana, kwa kuwa alikuwa na wadogo zangu watano wa kumshughulisha. Barua zake zilikuwa fupi. Zote zilimalizika kwa kuniuliza kama nimekula.

"Kila niliposhikwa na hamu ya kukuandikia urudi," alisema, "nilichukua kata nikenda uani nikautia maji mwasmini. Usiku, babako amelala. Kata hii, kata hii, mpaka miguu yangu ikawa imesimama matopeni." Akafumbua macho. "Nikauua nusu. Upande wa ukutani wote ulikauka. Ulibaki ule utawi wa upande wa jikoni, kwa kuwa pale maji yalikuwa yakikimbilia mtaroni."

Na mwasmini wetu huu hauzai mbegu. Watu wa bustani mnalijua hilo: hupandwa kwa kipandikizi, au kwa utawi kulazwa chini na kufunikwa udongo mpaka utoe mizizi, na kwa hivyo kila mwasmini uliotoka kwenye ua wa Bi Mkubwa, kule Kuze, ni ule ule mmoja, haukuzaliwa upya. Ndoo yangu ya Tudor ni utawi wa upande wa jikoni. Mti niliokuwa nikiuzamisha mwezi huu ndio uliozamishwa kwa ajili yangu, kwa maji yale yale ya usiku, na mtu ambaye nilidhani hakunikosa.

Nililia, kisha nikacheka, na Bi Mkubwa akacheka mpaka akakohoa. Hakusema kama somo yangu alikuwa na haki au hakuwa nayo. Alinituma uani kuchuma asmini zake kabla hazijafunguka, maana zikishafunguka hazitungiki vizuri, tukakaa tukatunga pamoja, yeye akitoboa kwa sindano kwa kupapasa tu kwa kuwa macho hayamsaidii tena, na vidole vyake havikukosea kikonyo hata kimoja. Nilirudi nyumbani na vikuba viwili. Usiku nilimpigia mwanangu mara moja. Alipokea, tukazungumza juu ya baridi ya Eldoret na blanketi la pili, na tukaagana kabla sijaishiwa na la kusema, jambo ambalo si kawaida yangu.

Leo asubuhi nikampigia somo yangu. Nilikuwa na moyo mweupe, nikaona naweza kuuliza sasa bila ya kumtwika kitu. Nikamwambia, "Somo, Jumamosi ile uliponena kuachwa, ulinena mti au ulininena mimi?"

Akanyamaza kidogo. "Maneno gani hayo?" akauliza, na najua sauti yake ya kusingizia, haikuwa hiyo. Hakumbuki. Nilipomkumbusha halua alikumbuka halua. Akaniambia nichanganye udongo mpya na samadi iliyooza na mchanga wa mto, si wa pwani, nikate mizizi yote iliyolainika, niuweke kivulini, nisiutie maji mpaka kidole kiingie udongoni kikatoke kikavu, na vuli ikianza niutoe nje mvua iuoshe chumvi. Nimeyafanya yote isipokuwa hilo la mvua, kwa kuwa mawingu ya leo yamepita yakaelekea bara.

Kisha akaniuliza habari za yule mtoto wa paka. Sikuwa nimewaambia: siku ile ile niliondoka kwake na mmoja wa wale wanne, aliyekuwa akisukumwa na mama yake kila anapokaribia ziwa, nikamtia kwenye kikapu juu ya ndoo ya mwasmini. Dada wa kitalu alinikataza kumpa maziwa ya ng'ombe, kwamba yatamharisha, nami nimenunua ya unga ya watoto wa paka ninayomdondoshea kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Juma zima alikuwa akinyonya vizuri, akinikamata kidole kwa kucha zake zote. Leo tangu adhuhuri hajanyonya. Jicho lake la kushoto limejifunga kwa tongo. Nimelifuta kwa pamba na maji ya uvuguvugu mara tatu na kila mara linafunga tena, na sasa ninapoandika amelala kwenye kitambaa kando ya mkono wangu na kifua chake kinatoa sauti ndogo kama karatasi inayokunjwa. Daktari wa mifugo hafungui mpaka Jumatatu. Kama yupo miongoni mwenu anayemjua mwingine anayefungua Jumapili, upande wowote wa kivuko, naomba aniambie usiku huu.