Vyura wawili, sura moja, kromosomu mbali

Hapa Missouri kuna vyura wa miti wa aina mbili ambao hata ukiwaweka kiganjani huwatofautishi. Wote ni wa kijivu, ngozi imeparara kama gome la mti, wote hubadilika wakawa kijani, na wote wana rangi ya manjano ndani ya mapaja ambayo huioni mpaka waruke. Mmoja anaitwa Hyla versicolor, mwenzake Hyla chrysoscelis. Ukitaka kujua nani ni nani, ingia ndani ya kiini cha seli: chrysoscelis ana kromosomu (nyuzi za DNA zinazobeba urithi) 24, yaani seti mbili za 12, versicolor ana 48, seti nne.

Mimi si mtu wa vyura. Nasoma damu katika maabara ya hospitali mjini Columbia, zamu ya usiku, na kabla ya kuja huku nilisoma slaidi za malaria Muheza mpaka macho yakaniwasha. Kwa hiyo kilichonivuta ni damu. Rafiki yangu anayesomea baiolojia alinipisha kwenye hadubini yake, slaidi mbili, spishi mbili. Kitu cha kwanza: chembe nyekundu za chura ni za mviringo wa yai na zina kiini. Kwetu, ukikuta chembe nyekundu zenye viini kwenye damu ya mtu mzima unamwita daktari, kwa hiyo nilikaa dakika nzima natafuta ugonjwa usiokuwepo. Cha pili: chembe za versicolor ni kubwa kuliko za mwenzake. DNA imeongezeka maradufu, kiini kimetanuka, na seli nayo imetanuka.

Sasa hapa ndipo pananifurahisha. Ukubwa huo wa seli unasikika.

Dume akiita jike hutoa mlio wa kutetema, mapigo mafupi yanayofuatana, na kila pigo ni misuli ya ubavuni imejikaza mara moja kusukuma hewa. Wakiwa kwenye joto lilelile, mapigo ya chrysoscelis huenda kasi karibu mara mbili ya yale ya versicolor. Mmoja anakereza, mwingine anaghani. Ila usisahau kipimajoto, kwa sababu chura hana joto lake mwenyewe: usiku wa baridi chrysoscelis hupunguza kasi mpaka akakaribia versicolor wa usiku wa joto. Majike hilo haliwasumbui. Carl Gerhardt wa Chuo Kikuu cha Missouri alionyesha mwaka 1978 kwamba jike wa versicolor hupenda mlio unaolingana na joto alilo nalo yeye, kwa hiyo dume na jike wanapanda na kushuka pamoja.

Jina versicolor limekuwepo tangu 1825, chrysoscelis tangu 1880, lakini hesabu ya kromosomu iliyoonyesha tofauti yao ilichapishwa na mtafiti Wasserman mwaka 1970. Baadaye Gerhardt na wenzake wakachunguza chrysoscelis wenye seti tatu za kromosomu badala ya mbili. Hakuna damu ya versicolor iliyoingia hapo, ni kromosomu zilezile tu zimezidi. Mapigo yao yakapungua kasi, yakaelekea kwa versicolor. Na majike wa seti tatu nao walipenda milio ya taratibu zaidi. Nilisoma hilo mara mbili. Kwa kawaida tunafundishwa kwamba spishi hutengana polepole, milima inawagawa, miaka inapita. Hawa walibadilika mlio na sikio kwa mpigo mmoja.

Bila hivyo wangekwama. Versicolor akizaa na chrysoscelis, mtoto anapata seti tatu, kromosomu 36, na wakati wa kutengeneza mbegu au mayai haziwezi kugawanyika sawasawa. Mtu wa Bukoba anazila kila siku seti tatu: ndizi zake zina kromosomu 33, seti tatu za 11, ndiyo maana hazina mbegu na lazima upande chipukizi. Mgomba hauna shida na hilo. Chura hana chipukizi.

Swali la asili yao limezungusha watu. Mwaka 2006 ilisemwa kwamba versicolor alitokea zaidi ya mara moja, kutoka kwa mababu tofauti ambao baadhi yao wameshatoweka. Utafiti wa 2022, uliopima jeni nyingi zaidi, ukasema hapana: kromosomu ziliongezeka maradufu mara moja tu, katika ukoo wa chrysoscelis ambao sasa haupo, kisha versicolor akaendelea kuchanganyika na koo nyingine za chrysoscelis. Mimi naegemea huu wa pili. Unaeleza kwa nini jeni zake zinaonekana kama za watu wa ukoo mmoja walioolewa kila kijiji.

Kama unaishi upande wa mashariki wa Marekani, wasikilize Mei au Juni baada ya mvua, karibu na dimbwi lenye miti. Rekodi kwa simu, andika na nyuzi za joto, halafu hesabu mapigo kwenye kompyuta. Kwa sikio tupu inawezekana pia, ila usianze na usiku wa baridi.