Unachimba msingi? Ongea na fundi wa stima kabla zege haijamwagwa

Watu wangu wa Tororo, Malaba, Busia na kokote mnakojenga mwaka huu, hii ya erthi, yaani ile njia ya kupeleka ardhini stima iliyovuja, naomba muisome mapema. Huku kwetu fundi wa stima anaitwa mwisho kabisa, plasta imeshakauka, mabati yako juu, sasa ndio anatafuta pahali pa kugongea rodi nyuma ya jikoni, inaingia futi mbili inagonga mwamba, anaikata na grainda, anafunga waya, anafunika na udongo, kazi kwisha. Hiyo mimi siiti erthi.

Nyumba nyingi zinaletewa waya mbili tu kutoka kwa nguzo, layivu na nyutro, ya erthi unajitafutia mwenyewe ardhini. Na watu wanaamini rodi ndio inaangusha breka. Hapana jameni, piga hesabu, layivu imegusa mwili wa friji: volti 240, rodi iko na omu 100 (omu ni kipimo cha ukinzani, zikiwa chache ndio stima inapita vizuri), kitu cha kawaida kwa murramu kavu ya Februari, ukigawa unapata ampea 2.4. Breka ya soketi ni ya ampea 20 ama 32, hiyo 2.4 haiisikii kabisa, inakaa juu tu na mwili wa friji unabaki na karibu volti zote mpaka mtoto aje aishike bila viatu. Kwa hivyo rodi bila RCD ya miliampea 30, ile swichi ya usalama inayokata stima ikivuja, ni nusu ya kazi. RCD inalinganisha stima inayoenda na inayorudi, tofauti ikifika hizo miliampea 30 inakata, na hapo omu 100 zinatosha vizuri. Kama bafuni umeweka ile shawa inayochemsha maji papo hapo usibishane hata kidogo, nunua RCD.

Sasa msingi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mhandisi Mmarekani Herbert Ufer alipewa kazi ya erthi kwa maghala ya mabomu huko Arizona, jangwa kavu, rodi hazishiki, akatumia vyuma vilivyo ndani ya zege ya msingi, na vikafanya kazi, kwa sababu zege iliyolala udongoni inanyonya unyevu na kuushikilia. Leo kanuni za Marekani zinataka nyumba mpya itumie vyuma hivyo kama vipo: angalau mita 6 za chuma cha milimita 13 kwenda juu, kisichopakwa rangi, kikiwa na milimita 50 za zege kukizunguka. Kwa hardware zetu chuma cha milimita 12 hakifiki, chukua cha 16. Mwambie fundi wa ujenzi akuachie kipande kimoja cha chuma hicho kimetokeza juu ndani ya ukuta karibu na mainswichi, waya ya kopa ifungwe hapo kwa klampu mnayoweza kuiona. Ila kama chini ya zege mmetandika ile karatasi nyeusi ya nailoni, zege haigusi udongo na hiyo erthi haipo.

Mwenye ameshamwaga asikate tamaa, rodi bado inaweza. Nunua urefu, siyo unene, maana kuizidisha urefu mara mbili kunapunguza omu karibu nusu, unene mara mbili haubadilishi sana. Mita moja ya juu ya udongo ndiyo inakauka kiangazi. Ukikuta mwamba ongeza rodi ya pili, mbali na ya kwanza angalau kwa urefu wa rodi yenyewe. Chumvi wanayomwaga shimoni mimi siipendi, mvua inaipeleka na inakula chuma.

Halafu ule mtindo wa kupima kwa balbu tuuache! Balbu ya wati 60 inakula robo ampea tu, hata rodi ya omu 200 itaiwasha na mteja atafurahi bure. Tafuta fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kusimamia umeme Uganda, aje na mashine ya kupima erthi, namba akuandikie kwa karatasi.

Na radi ni kitu kingine. Juni 2011 radi iliua watoto 18 shuleni Runyanya, Kiryandongo, roho inauma mpaka leo, lakini rodi ya erthi ya nyumba haizuii radi, hiyo inataka mfumo wake kuanzia juu ya paa, halafu erthi yake na ya stima ziunganishwe pamoja.