Kishingo na wanawe

Leo nimezika kuku tisa. Wote nimewatia shimo moja nyuma ya mpapai, nikamwaga jivu, nikafukia, nikaweka jiwe zito juu wasije wakafukuliwa. Kuna aliyeshauri tuwachemshe. Nimekataa. Ni nyamafu, tena wameng'atwa na mbwa nisiowajua kama wamechanjwa kichaa.

Hakuna aliyeliwa hata paja, na hapo ndipo panaponiuma. Mwewe hubeba kifaranga akaenda zake. Lakini mbwa wakiwa kundi, kuku akipapatika tu wanamrukia, wanamtupa, wanamfuata mwingine, mpaka banda zima linyamaze.

Walipitia chini. Nilipiga magoti nikalitazama lile shimo: pana kama sufuria ya ubwabwa, mchanga umerushwa nyuma, manyoya ya mbwa yamenasa kwenye ncha za waya. Na waya wenyewe, huu mwembamba tunaouziwa kuwa wa kuku, wameukunja kama karatasi. Mwaka mzima nimelala nikiuamini. Kumbe ulikuwa unawazuia kuku wasitoke, basi.

Mama alinikuta nimekaa palepale. "Pole mwanangu. Hebu nenda kamwangalie yule wa jikoni."

Nilikuwa nimemsahau! Kishingo wangu na vifaranga sita, chini ya tenga, mlango una komeo. Nilimweka humo juzi kwa sababu ya kunguru. Hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Unguja miaka ya 1890, na sasa huku kwetu Chanika kifaranga kikimaliza wiki mbili uwanjani ni bahati.

Mchana nilikwenda kwa mwenye mbwa. Njiani nilikuwa nimeshayapanga maneno makali. Nikawakuta wamelala kivulini, mbavu zinahesabika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Nimesikia. Nisamehe sana."

Fidia sikudai. Nimemwomba awalishe, awafungie usiku, na awapeleke chanjo. Ameahidi, nami nitamfuatilia.

Fundi ameanza leo hii. Anachimba mtaro wa kina cha futi moja kuzunguka banda, anaweka wavu mgumu wa kuchomelea, na chini anaukunja kuelekea nje futi mbili kabla ya kufukia. Mbwa huchimba pale ukuta unapogusa ardhi. Akikutana na chuma hapo, hafikirii kurudi nyuma hatua mbili aanze upya. Imenigharimu akiba ya ada ya muhula ujao, na sijutii.

Tangu magharibi nimeingia jikoni mara tatu. Kila nikiinua tenga Kishingo anatutumua manyoya, anatanua mbawa, ananitolea sauti nzito ya kooni. Nalirudisha polepole.