Mbolea ya ruzuku kwenye udongo wenye tindikali: ninavyoitumia Mufindi

Chai inastawi Mufindi kwa sababu udongo wetu una tindikali. Mahindi hayaipendi hali hiyo. Ukinunua DAP ya ruzuku, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, na kuitia kwenye ardhi nyekundu iliyolimwa mahindi mfululizo kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya fosforasi uliyoilipia inafungwa ardhini na mmea hauipati. Kwa hiyo kabla sijaongeza mfuko hata mmoja, naanza na udongo.

Dalili huonekana mapema. Majani ya chini ya miche yanageuka zambarau kuanzia ncha na kingo, ingawa DAP imo shimoni. Ng'oa mche mmoja taratibu pamoja na udongo wake, kisha suuza mizizi kwenye ndoo. Ikiwa mifupi na minene, ncha zimekuwa kahawia na vijizizi vyembamba vya pembeni havipo, mshukiwa wa kwanza ni alumini. pH ndiyo kipimo cha tindikali, na kadiri namba inavyoshuka tindikali inapanda. Ikishuka chini ya 5.5, alumini iliyomo kwenye udongo huanza kuyeyuka, na ndiyo inayochoma ncha za mizizi na kuishika fosforasi. Baridi pia hugeuza majani zambarau, lakini jua likirudi kijani nacho kinarudi. Naamini mizizi kuliko majani.

Sampuli ya udongo nachukua mara baada ya mavuno, shamba likiwa wazi. Napita kwa kuzigizaga na kuchimba vishimo 15 hadi 20, kila kimoja sentimita 20 kwenda chini. Nakwepa vichuguu, mahali palipochomwa masalia na mahali mifuko ya mbolea ilipopangwa. Udongo wote nauchanganya kwenye ndoo safi ya plastiki ambayo haijawahi kubeba mbolea, natoa nusu kilo, naianika kivulini, naiandika jina la shamba na tarehe. Bonde na mlima ni sampuli mbili tofauti, hata kama mashamba yanapakana. TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo pale Mbeya, wanapima. Usiombe pH peke yake. Omba na kiasi cha chokaa kinachohitajika kupunguza tindikali, kwa sababu mashamba mawili yenye pH sawa yanaweza kuhitaji chokaa tofauti kabisa: udongo wa mfinyanzi hula nyingi kuliko wa kichanga.

Chokaa yenyewe iwe ya kilimo, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa. Ile ya kupaka ukuta imechomwa, ina makali, inaunguza mikono na ukikosea kipimo inapindua udongo kwa haraka. Nakamulia limau juu ya unga kidogo: unga wa mawe ya chokaa hutoa mapovu, mchanga au udongo uliochanganywa hubaki kimya. Halafu nausugua kati ya vidole. Chokaa yenye punje kama za sukari haitafanya kazi msimu huu, itasubiri miaka.

Shamba langu lilipangiwa kilo 500 kwa ekari. Hicho si kipimo cha kila mtu, fuata majibu ya maabara yako. Naitandaza asubuhi kabla ya upepo, nusu kwa kwenda urefu na nusu kwa kukatisha, kisha inalimwa na kuchanganywa hadi sentimita 15 au 20. Ikiachwa juu inarekebisha ngozi tu ya ardhi. Haifanyi kazi kwenye udongo mkavu, hivyo naitanguliza ili mvua za kwanza za Novemba ziikute imeshachanganyika. Na haiingii kamwe kwenye shimo moja na DAP au urea, ile mbolea ya kukuzia, maana ikikutana nazo naitrojeni inapaa kama gesi. Nguvu yake inakaa misimu kadhaa, kwa hiyo sirudii kila mwaka. Ukizidisha, zinki inaadimika na majani machanga yanatoka na michirizi myeupe.

Sasa vipimo vya kupandia, na hapa ndipo mbolea nyingi inapopotea. Ekari tunaipima hatua 70 kwa 70, na hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 90, hivyo inatoka vizuri. Lakini ukichukua tepu na kupima mita 70 kwa 70, umepata mita za mraba 4,900 wakati ekari ni 4,047. Mfuko utaishia njiani na utamlaumu wakala bure. Kwa tepu, pima mita 63.6 kila upande.

Mstari hadi mstari ni sentimita 75, shimo hadi shimo 60, mbegu mbili kila shimo. Hiyo inakupa karibu mashimo 9,000 kwa ekari. Kisoda kimoja (kifuniko cha chupa ya soda) cha DAP kilichosawazishwa ni kama gramu 5, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 unatosha ekari na kubaki kidogo. Mbolea inatangulia, inafunikwa kwa udongo wa vidole viwili, ndipo mbegu. Mbegu ikikaa juu ya DAP moja kwa moja inaungua, na mtu anadhani ameuziwa mbegu mbovu.

Urea natia kisoda kimoja mahindi yakifika magotini, na nusu kisoda kabla ya mbelewele kutoka. Jumla haifiki mfuko mmoja na nusu kwa ekari. Naiweka sentimita 10 kutoka kwenye shina, palizi ikiwa imekwisha na udongo una unyevu, na kila kisoda kinafukiwa hapo hapo. Urea iliyoachwa juu siku ya jua inapotea hewani, ikiwa ya ruzuku au ya bei kamili.

Upande wa ruzuku, hakikisha mapema kwa mtendaji wa kijiji kwamba ekari zako zimeandikwa sawa na namba ya simu ni yako, si ya mtoto aliyehamia Dar. Ujumbe wa ruzuku ukienda kwenye simu isiyo mkononi mwako, mbolea unaiona dukani na huipati. Nenda kabla ya msongamano, kwani kuchelewa kupanda wiki mbili huku nyanda za juu kunakula mavuno ambayo hakuna urea itakayoyarudisha.

Ruzuku nairidhia kwa moyo wote. Msimu wa 2022/23 DAP na urea zilishushwa hadi shilingi 70,000 kwa mfuko wakati bei ya sokoni ilikuwa imepita 120,000, na bila hilo wengi hapa wangepanda mikono mitupu. Ninachokitaka ni chokaa na upimaji viingie kwenye hesabu hiyo hiyo. Azimio la Abuja la 2006, la nchi za Afrika kuhusu mbolea, liliweka lengo la kilo 50 za virutubisho kwa hekta. Mfuko mmoja wa DAP na mmoja wa urea kwa ekari tayari unapita kilo 130 kwa hekta, na bado kuna mashamba huku yenye mahindi ya zambarau. Hata vocha za ruzuku zilizoanza 2008/09 zilikuwa na jambo zuri lililopuuzwa: mkulima aliweza kuchukua mifuko miwili ya Minjingu, mbolea ya mwamba wa fosfeti unaochimbwa hapa nchini, badala ya mmoja wa DAP. Fosfeti ya Minjingu huyeyuka vizuri zaidi penye tindikali, na ina kalsiamu. Watu waliikataa kwa sababu haionyeshi rangi ya kijani haraka, na ni wachache walioelezwa kwa nini.

Ukitaka kumshawishi afisa kilimo wa kata au mkutano wa kijiji, acha mistari kumi bila chokaa katikati ya shamba, mbegu na mbolea zikiwa zile zile. Vuna mistari hiyo peke yake na mingine kumi ya jirani peke yake, urefu sawa. Kausha, pukuchua, kisha pima kwa mizani, si kwa debe, maana debe la mahindi mabichi na la makavu halilingani uzito. Kwa unyevu, tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa dakika chache: chumvi ikinata kwenye kuta, rudisha mahindi juani. Andika kilo za kila upande na gharama ya chokaa, ugawe gharama hiyo kwa misimu mitatu, na peleka karatasi hiyo kabla bajeti ya kata haijapangwa.