Bado Kidogo, Mama

Juzi binti yangu wa kidato cha tatu kaniuliza kama kuna mtu asiye na kisukari anayechomwa insulini. Wapo, nikamjibu. Hakujua kwamba kanirudisha kwa yule mama wa kitanda cha dirishani.

Alivuja damu nyingi sana alipojifungua. Maziwa hayakutoka, hedhi haikurudi, nywele za kwapa zikapukutika. Daktari akashuku ugonjwa wa Sheehan: tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na inayoamuru homoni nyingine, imekosa damu, sehemu yake ikafa. Kotisoli, homoni ya kuukabili mshtuko, asubuhi ilikuwa nanomoli 210 kwa lita. Ingekuwa chini ya 100 tusingethubutu, jibu lingekuwa tayari mkononi; 210 haisemi kitu. Moyo mzima, kifafa hana. Basi sukari ishushwe makusudi kwa insulini, maana ikishuka mno ubongo huona hatari, na tezi iliyo hai lazima iitike.

Hajala tangu usiku. Kanula mbili, vile vibomba vya mshipani: mkono mmoja wa kutolea damu, mwingine wa kumwokolea. Haidrokotisoni, kotisoli ya dawa, miligramu 100 pembeni, daktari habanduki. Kilo 52, uniti 0.1 kwa kila kilo, kwa hiyo uniti 5 za insulini angavu. Hiyo ni mililita 0.05, tone tu! Usipoisukuma kwa salaini inabaki ndani ya kanula, mkakaa kumtazama mtu ambaye dawa haijamfikia.

Dakika ya 20 akaanza kupiga miayo. Ya 30, jasho: kwanza vitone juu ya mdomo, kisha shingoni, kisha khanga ikamganda mgongoni. Sukari kwa kipimo cha kidole, milimoli 2.6 kwa lita.

"Nesi, nipe chai."

Chai ipo mezani kwenye chupa, ya tangawizi.

"Bado kidogo, mama."

Inatakiwa chini ya 2.2. Ukimhurumia kwenye 2.6, homoni zikitoka kidogo hutajua kama ni ugonjwa au ni huruma yako. Dakika ya 40 nikamwuliza jina la mwanawe. Akanitazama tu. 1.9. Haraka chupa ya kijivu ya maabara, kwa sababu huko chini kipimo cha kidole hakiaminiki. Chupa ya kotisoli na homoni ya ukuaji. Ndipo dextrosi ya asilimia 10, mililita 150, kwa mkono ule mwingine. Damu tuliendelea kuchukua hadi dakika ya 120, kwani tezi ilishapata mshtuko wake na sukari haiufuti. Dripu haijaisha, akalitaja jina la mtoto.

Homoni ya ukuaji haikufika hata mikrogramu 1 kwa lita. Kotisoli ikapanda hadi 470. Mwongozo wetu ulitaka 500, ingawa mashine mpya za maabara zinakubali chini ya hapo. Daktari akamwandikia haidrokotisoni ya siku za homa na upasuaji tu. Mwenzangu wa zamu alishikilia kwamba angepewa ya kila siku. Mimi niliona tezi inajikongoja lakini inafika. Tukikutana bado tunabishana.